Farasi Aliyeanguka Uwanjani: Machozi, Lawama na Daftari



Kitabu cha taarifa ya mwaka ni kitabu cha hesabu. Ndani yake husomwa ada zilizolipwa, wagonjwa waliosaidiwa, maiti waliosafirishwa kwao kuzikwa, na salio lililobaki katika sanduku. Baada ya hesabu hizo yafaa iwekwe habari moja ya historia, ili msomaji apumzike na tarakimu, tena apate jambo la kufikiri akiwa nyumbani. Habari ya mwaka huu ni ya farasi wa mbio waliokufa mbele ya halaiki ya watu huko Marekani, na jinsi watu wale walivyoupokea msiba huo tangu mwaka 1975 hata siku zetu hizi.

Huenda mtu akauliza, farasi wa ng'ambo atuhusu nini? Wakaao Nairobi wanaujua uwanja wa mbio wa Ngong Road, na wako miongoni mwa watu wetu walioishi kwa kazi ya usaisi, wakiwalisha farasi na kuwasugua tangu alfajiri. Lakini hata asiyepata kumshika farasi hatamu atajiona katika habari hii. Msiba ukianguka katikati ya watu, wako wanaolia, wako wanaomtafuta wa kulaumiwa, na wako wanaosema kwamba ajali haina kinga, kisha wakaenda zao. Ni wachache mno wanaoketi chini na kuandika. Habari hii yaonyesha kila kundi limefanya kazi gani, na lipi lililopunguza vifo.

MGUU WA FARASI

Kwanza yapasa tueleze jambo linalowashangaza wengi: kwa nini mnyama mwenye nguvu namna ile auawe kwa kuvunjika mguu mmoja?

Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500 hivi, na akikimbia kwa nguvu zake zote mwendo wake hupita maili 35 kwa saa. Katika mwendo huo kuna nukta ambayo mwili wote hubebwa na mguu mmoja wa mbele, na nguvu inayoushukia mguu huo ni zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Nao mguu wenyewe ni mwembamba. Chini ya goti hauna misuli, ila mfupa, kano na ngozi tu. Damu ipitayo hapo ni chache, na mfupa ukitoboa ngozi, uchafu huingia upesi na kidonda hakiponi kwa urahisi.

Mwanadamu aliyevunjika mguu hulazwa kitandani wiki nyingi. Farasi hawezi. Mwili wake haukuumbwa kulala muda mrefu, na tabia yake ni ya mnyama anayeokoka kwa kukimbia. Akishikwa na hofu au maumivu hujitupa huku na huku. Akisimama kwa miguu mitatu, ule mguu mzima wa upande wa pili huelemewa. Ndipo huja ugonjwa mbaya wa kwato: nyama iushikayo ukwato na mfupa huvimba, kisha huachana, naye mnyama husimama kama aliyesimama juu ya misumari. Kwa hiyo daktari wa wanyama anapoona mfupa umesagika, mara nyingi lililobaki kwake ni kuchoma sindano ya kumpumzisha. Si ukatili, bali ni kumkatia mateso.

Tena wako farasi wanaokufa bila kuvunjika mahali popote. Moyo husimama ghafula, au mshipa mkubwa hupasuka, naye huanguka kama mti uliokatwa. Vifo vya namna hii ni vichache kuliko vile vya miguu, lakini ni vigumu zaidi kuvieleza, kwa kuwa mara nyingi hata mwili upasuliwe na kuchunguzwa, sababu haionekani.

MSIBA WA MWAKA 1975

Katika mwaka wa 1972 alizaliwa huko Kentucky farasi jike mweusimweusi, akaitwa Ruffian. Wenyewe walikuwa Bwana na Bibi Janney, na mfunzi wake alikuwa Bwana Frank Whiteley. Farasi huyu alishindana mara 10, akashinda mara zote 10, na kila mara alikuwa mbele tangu mwanzo hata mwisho. Watu waliokuwa hawajui lolote juu ya farasi walilijua jina lake.

Mwaka 1975 kulikuwa na farasi dume, Foolish Pleasure, aliyeshinda mbio kuu za Kentucky. Basi ukaandaliwa mpambano wa wawili hao peke yao, tarehe 6 Julai 1975, katika uwanja wa Belmont Park karibu na mji wa New York. Zawadi ilikuwa dola 350,000, na nyingi za hizo ni za mshindi. Lakini jambo lililowavuta watu halikuwa fedha. Siku zile mabishano juu ya haki za wanawake yalikuwa makali Marekani, na miaka miwili kabla, yaani 1973, Bibi Billie Jean King alikuwa amemshinda Bwana Bobby Riggs katika mchezo wa tenisi mbele ya taifa zima. Mbio za farasi jike na farasi dume zikageuzwa kuwa mbio za wake na waume, na watu wakavaa beji za kuonyesha wako upande gani. Wale wanyama wawili hawakujua lolote la ugomvi huo.

Uwanjani walifika watu zaidi ya 50,000, na waliotazama katika televisheni walikadiriwa kuwa karibu milioni 20. Mpanda farasi Jacinto Vasquez, ambaye alikuwa amezoea kuwapanda farasi wote wawili, alimchagua Ruffian. Foolish Pleasure akapewa Braulio Baeza. Lango likafunguliwa. Wakaenda bega kwa bega, jike akitangulia kidogo. Kabla hawajafika nusu ya safari ukasikika mlio kama wa ubao unaovunjika. Mifupa miwili midogo iliyo nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia wa mbele ilikuwa imesagika. Vasquez alivuta hatamu kwa nguvu zote, lakini Ruffian hakutaka kusimama. Aliendelea kukanyaga kwa mguu uliokufa, na mchanga ukaingia katika jeraha. Foolish Pleasure akamaliza mbio peke yake.

Madaktari walimfanyia Ruffian upasuaji usiku ule. Kazi yao ilikuwa njema, lakini alipoanza kuzinduka katika dawa ya usingizi alijirusha akiwa ubavuni, miguu ikizunguka kana kwamba bado yumo mbioni. Akalivunja gamba la plasta na kujiumiza upya. Hapo ikakatwa shauri asiteseke tena, akachomwa sindano usiku wa manane wa kuamkia tarehe 7 Julai. Alizikwa katikati ya uwanja wa Belmont, karibu na mlingoti wa bendera, pua yake ikielekea mahali mbio zinapomalizikia.

Watu walilia. Nchi nzima ilizungumza habari moja. Waandishi wa magazeti waliandika, na wako waliouliza kama farasi wa siku hizi wamezalishwa kwa kasi tu bila kuangalia uimara wa mifupa. Maana baba yake, farasi Reviewer, naye alikuwa amevunjika mguu zaidi ya mara moja. Mapambano ya farasi wawili peke yao yakapungua sana baada ya hapo. Lakini ukiuliza, je, katika mwaka ule wa 1975 ni farasi wangapi wengine walikufa katika viwanja vya Marekani, ambao hawakuwa na jina wala hawakuonyeshwa katika televisheni? Jibu halikuwako, kwa sababu hapakuwa na daftari moja la taifa la kuwaandika.

SIKU MOJA, FARASI WATATU

Miaka 15 baadaye, katika uwanja ule ule wa Belmont Park, tarehe 27 Oktoba 1990, ilifanyika siku kuu ya mbio ziitwazo Breeders' Cup. Katika mbio fupi za siku hiyo, farasi aitwaye Mr. Nickerson alianguka ghafula, na ikasemwa kwamba moyo wake ulisimama. Farasi aliyekuwa nyuma yake, Shaker Knit, alijikwaa juu yake akaanguka naye, akaumia kiasi cha kuuawa. Yafaa tukumbuke hapa kwamba farasi akianguka haanguki peke yake: yuko mtu juu ya mgongo wake, na wako wengine wanaokuja nyuma kwa kasi ile ile. Usalama wa mnyama na usalama wa mtu anayefanya kazi juu yake haviachani.

Baadaye siku hiyo hiyo, farasi jike Go for Wand alikuwa akishindana kufa na kupona na Bayakoa. Wakiwa wamebakiza hatua chache kufika mwisho, Go for Wand alivunjika mguu wa kulia wa mbele, akaanguka na kumtupa mpandaji wake, Randy Romero. Kisha akainuka, akachechemea kuelekea mwisho wa mbio, mguu ukining'inia mbele ya macho ya watu. Aliuawa pale pale uwanjani. Mfunzi wa mshindi, Bwana Ron McAnally, hakuwa na furaha ya ushindi. Alisema kwa huzuni kwamba wanyama hawa hutoa maisha yao kwa ajili ya starehe yetu.

Maneno hayo yalirudiwa sana. Go for Wand naye akazikwa kwa heshima, katikati ya uwanja wa Saratoga. Lakini kwa upande wa daftari, mambo yalibaki kama yalivyokuwa mwaka 1975. Kila uwanja ulijua vifo vyake, au haukuvijua, na kila jimbo lilikuwa na kanuni zake. Kusema kwamba ajali haina kinga kulikuwa rahisi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi ya kuonyesha vinginevyo.

BARBARO NA UPENDO WA UMMA

Tarehe 6 Mei 2006 farasi dume Barbaro alishinda mbio kuu za Kentucky akiwaacha wenzake mbali. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Mei, alikimbia Preakness katika mji wa Baltimore. Mara tu baada ya kuanza, mguu wake wa kulia wa nyuma ulivunjika vipande zaidi ya 20. Mpandaji wake, Edgar Prado, alimsimamisha upesi, na wengi husema upesi huo ndio uliompa nafasi ya kutibiwa.

Barbaro alipelekwa katika hospitali ya wanyama ya New Bolton, ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Daktari Dean Richardson alimwunga mifupa kwa bamba la chuma na skrubu 27. Halafu, ili yasitokee yale yaliyompata Ruffian wakati wa kuzinduka, alilazwa katika chelezo cha mpira ndani ya bwawa la maji, miguu ikielea, hata akili zilipomrudia. Hapo twaona faida ya elimu: jambo lililomwua mmoja lilikuwa limefikiriwa na kutafutiwa njia.

Kwa miezi 8 umma wa Marekani ulifuata habari za mgonjwa huyu kama za ndugu wa karibu. Walimpelekea kadi, maua, tofaa na karoti. Walichanga fedha za kutafuta dawa ya ule ugonjwa wa kwato, na wako waliochanga kuwanunua farasi wazee wasipelekwe machinjioni. Hata hivyo ugonjwa wa kwato ulimpata katika mguu mzima, na tarehe 29 Januari 2007 wenyewe, Bwana na Bibi Jackson, walikubali apumzishwe.

Mchango ule haukuwa bure. Lakini fedha zilizochangwa kwa jina la farasi mmoja haziwezi kusema kwa nini wengine mia wanavunjika. Katika mwaka ule ule wa 2006, mwezi wa Oktoba, mabwana wa mchezo, madaktari na wataalamu walikutana Kentucky kushauriana juu ya usalama wa farasi. Miongoni mwa mashauri yao lilikuwa hili: yaandikwe majeraha na vifo vyote mahali pamoja, kwa namna moja. Shauri hilo halikupigiwa makofi mengi, wala haikutolewa picha yake katika magazeti. Nalo ndilo lililokuja kuzaa matunda.

MWAKA WA LAWAMA

Tarehe 3 Mei 2008 farasi jike Eight Belles alikimbia mbio kuu za Kentucky pamoja na madume 19, mbele ya watu zaidi ya 157,000. Alimaliza wa pili nyuma ya Big Brown. Mbio zilikuwa zimekwisha, naye akipunguza mwendo, alipoanguka kwa vifundo vyote viwili vya mbele kuvunjika. Hakuna bwawa wala bamba la chuma ambalo lingemsaidia. Aliuawa pale alipolala, huku mshindi akishangiliwa upande wa pili wa uwanja.

Mara hii machozi yalichanganyika na hasira. Chama cha kutetea wanyama, PETA, kilitaka mpandaji wake asimamishwe kazi na kuchunguzwa. Mpandaji huyo, Gabriel Saez, alikuwa kijana wa miaka 20. Mfunzi wake, Bwana Larry Jones, naye alitupiwa maneno makali, akalazimika kumtetea kijana wake na kujitetea mwenyewe. Mwili wa farasi ulipochunguzwa, hayakuonekana madawa yaliyokatazwa, wala ugonjwa wa mifupa wa tangu zamani. Kijana aliyelaumiwa na nchi nzima hakuwa amekutwa na kosa.

Yafaa tusimame hapa kidogo. Lawama ina utamu wake: humpa mwenye uchungu mtu wa kumwonyesha kidole, naye akishamwonyesha huona kazi imekwisha. Ikiwa mpandaji ndiye mwovu, basi kanuni ni njema, uwanja ni mwema, na madawa wanayochomwa farasi hayana ubaya. Tumfukuze mmoja, tuendelee. Lakini maswali makubwa ya mwaka ule hayakuwa juu ya kijana mmoja. Tarehe 19 Juni 2008 kamati ya Bunge la Marekani iliwaita watu wa mchezo na kuwauliza juu ya madawa, juu ya uzalishaji, na juu ya kukosekana kwa mamlaka moja inayousimamia mchezo nchini pote.

Katika mwezi ule wa Juni shirika la habari la Associated Press liliwauliza wasimamizi wa mbio, jimbo baada ya jimbo, wamepoteza farasi wangapi. Jumla iliyopatikana ilikuwa zaidi ya 5,000 tangu mwaka 2003, yaani zaidi ya watatu kwa siku katika mwaka wa 2007. Hata jumla hiyo ilikuwa pungufu, maana mahali pengine vifo havikuandikwa kwa uangalifu, na pengine havikuandikwa kabisa. Watu walikuwa wamemlilia Ruffian, na Go for Wand, na Barbaro, na Eight Belles. Wanne kwa miaka 33. Maelfu walikuwa wamepita bila hata mstari mmoja wa wino.

DAFTARI LAFUNGULIWA

Mwezi wa Julai 2008 chama kinachotunza vitabu vya nasaba ya farasi huko Marekani, The Jockey Club, kilifungua daftari la majeraha ya farasi. Kila uwanja uliokubali kuingia ulitakiwa kupeleka habari za kila kifo: siku gani, mbio za urefu gani, juu ya udongo au majani, farasi wa umri gani, na mengineyo. Msomi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Profesa Tim Parkin, akapewa kazi ya kuyasoma maandishi hayo na kutafuta yanasema nini.

Katika mwaka wa 2009, kila farasi walipotoka langoni mara 1,000, vifo vilikuwa 2. Kwa miaka michache hesabu hiyo haikushuka sana. Mwaka 2014 ilikuwa 1.89. Lakini sasa ilikuwa hesabu, na hesabu haiwezi kuambiwa inyamaze. Daftari lilionyesha kwamba viwanja vya udongo viliua zaidi kuliko viwanja vilivyotandikwa mchanganyiko wa kutengenezwa na watu. Lilionyesha kwamba farasi aliyewahi kuwekwa na madaktari katika orodha ya wasiofaa kukimbia yumo hatarini zaidi kuliko mwenzake. Wale waliodhani kifo ni bahati mbaya tu wakaona kwamba bahati hiyo mbaya ina njia zake ipendazo kupita, na njia ikijulikana yaweza kuzibwa.

Kisha yakaja majira ya 2018 na 2019 katika uwanja wa Santa Anita, California. Tangu tarehe 26 Desemba 2018 hadi mwezi wa Juni 2019 farasi 30 walikufa hapo. Mvua zilikuwa nyingi, na mwezi wa Machi uwanja ulifungwa ili ardhi yake ichunguzwe. Makelele yalikuwa makubwa, na wako waliotaka mchezo wote upigwe marufuku. Mara hii, hata hivyo, waliotaka mabadiliko hawakusimama na machozi peke yake. Walikuwa na hesabu za miaka 10. Kanuni za madawa zilikazwa, na farasi wakaanza kuchunguzwa zaidi na madaktari kabla ya kukimbia.

Tarehe 27 Desemba 2020 ikatiwa sahihi sheria ya nchi nzima iliyoanzisha mamlaka moja ya usalama na uaminifu katika mbio za farasi, ijulikanayo kwa ufupi kama HISA. Kanuni zake za usalama zilianza kazi tarehe 1 Julai 2022, na zile za madawa tarehe 22 Mei 2023. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa 1.25, na katika viwanja vilivyo chini ya mamlaka hiyo hesabu ya mwaka 2024 ilikuwa 0.90. Kutoka 2 hadi 0.90 ni kupungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna chozi moja lililopata kufanya hivyo kwa nguvu zake peke yake.

LISILOWEZWA NA DAFTARI

Isidhaniwe kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 2023, katika siku za kuzunguka mbio kuu za Kentucky, farasi 12 walikufa katika uwanja wa Churchill Downs, mji wa Louisville. Wawili kati yao, wote wa mfunzi mmoja, walianguka ghafula, na uchunguzi haukupata sababu ya hakika. Mbio zikahamishiwa uwanja mwingine mwezi wa Juni, na mamlaka ilipomaliza uchunguzi wake haikuona sababu moja iliyowaunganisha wote. Methali yetu juu ya ajali bado ina mahali pake. Ila mahali hapo pamekuwa padogo kuliko zamani.

Wala daftari haliwezi kujibu swali la wale wanaouliza kama ni haki kwa mwanadamu kumhatarisha mnyama kwa sababu ya mchezo na kamari. Hilo ni swali la dhamiri, na watu wema wanatofautiana juu yake. Lakini hata mwenye kulijibu swali hilo, upande wowote, atahitaji kwanza kujua ni wangapi wanaokufa na kwa sababu gani. Mwenye kutaka mbio zikome na mwenye kutaka ziendelee wote hunywa katika kisima kimoja cha hesabu.

MAFUNDISHO KWETU

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaitumia methali hii kwa fedha, na vyama vya misaada kama chetu huitii kwa fedha: kila shilingi ina stakabadhi yake. Lakini uhai ni mali iliyo kubwa kuliko shilingi, na kwa habari ya uhai daftari za vyama vingi ni fupi mno. Msiba ukitokea huandikwa jina la marehemu, tarehe, na kiasi kilichotolewa kwa sanda, jeneza na gari la kusafirisha. Sababu ya kifo haina safu yake. Mwaka ukiisha twajua tumetumia fedha ngapi kuzika, wala hatujui ni nini kilichotuzikisha.

Tufikiri mfano. Chama kikizika vijana watano kwa mwaka mmoja, kila mazishi yatakuwa na vilio vyake na mahubiri yake, na kila familia itasema yake yalikuwa mapenzi ya Mungu. Lakini ikiwa imeandikwa kwamba watatu kati yao waligongwa na magari katika njia moja, saa za jioni, wakirudi kazini, basi yuko mtu wa kuendewa na yako maneno ya kumwambia. Karatasi ile yaweza kupelekwa kwa chifu, kwa diwani, au kwa mwenye kiwanda. Kilio kikipelekwa kwa wakubwa hupokewa kwa pole. Hesabu ikipelekwa, hapana budi ijibiwe.

Hatusemi watu wasilie. Asiyelia msibani ana moyo wa jiwe, na watu waliomlilia Ruffian walikuwa na haki ya kulia. Tena bila machozi yale huenda daftari lisingefunguliwa kamwe, kwa maana hakuna ahangaikaye kuhesabu kitu asichokipenda. Tusemalo ni kwamba kati ya mwaka 1975 na mwaka 2008 ilipita miaka 33 ya kulia bila kuandika, na katika miaka hiyo farasi walikufa ambao huenda wengine wao wangeokolewa.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, linaletwa mbele yenu ombi dogo, la kujadiliwa katika mkutano mkuu pamoja na hesabu zilizomo katika kitabu hiki. Daftari letu la misiba liongezwe safu moja, na juu ya safu hiyo liandikwe neno "Sababu". Mwenye kuleta habari ya msiba aulizwe kwa upole, naye mwandishi aandike kwa ufupi: ugonjwa gani, ajali ya namna gani, mahali gani, saa ngapi. Kila mwisho wa mwaka jumla yake isomwe kwa sauti kama isomwavyo jumla ya fedha. Gharama yake ni kupiga mstari mmoja kwa rula.